Sanduku la Kijani: Walinzi, Wanyang'anyi na Wasakaji wa Magharibi ya Marekani

Dhahabu aliyoiona James Marshall huko Coloma, California, tarehe 24 Januari 1848, ilikuwa na kasoro moja: ilikuwa mbali na mahali pa kuitumia. Machimbo yalikuwa kwenye vilima vya Sierra Nevada, ilhali benki, meli na, kuanzia 1854, kiwanda cha serikali cha kutengeneza sarafu vilikuwa San Francisco. Katikati palikuwa na vumbi, makorongo na misitu. Mchimbaji aliyetaka kufikisha mali yake mjini alikuwa na njia mbili tu: aibebe mwenyewe huku kila mwenye tamaa akimkodolea macho, au amlipe mtu amsafirishie.

Kazi hiyo ya pili ndiyo iliyoijenga kampuni ya Wells, Fargo. Henry Wells na William Fargo waliiunda New York mwezi Machi 1852, na kufikia Julai ilikwishafungua ofisi San Francisco. Ilinunua dhahabu, ilitoa hati za fedha, ilibeba barua na vifurushi. Aliyekabidhi mzigo alipewa stakabadhi, na mzigo ukiibwa njiani kampuni ilimlipa thamani yake. Sharti hilo la kulipa ndilo asili ya karibu kila kitu kinachosimuliwa hapa. Kwa kuwa hasara ilikuwa yake, kampuni ilikuwa na sababu ya kuajiri walinzi, kuweka wapelelezi na kumfuata mwizi hata miaka minane.

Dhahabu ilisafiri ndani ya sanduku la mbao za msonobari lililoimarishwa kwa mbao ngumu na mikanda ya chuma, likapakwa rangi ya kijani na kufungwa kwa kufuli. Likijaa lilifika kilo 45 hadi 70. Halikuwa kitu cha kumshinda mtu mwenye shoka, na kila mnyang'anyi alilijua hilo. Mahali pake palikuwa chini ya kiti cha dereva, kwenye gari la farasi la abiria ambalo mara nyingi halikuwa hata mali ya Wells, Fargo. Kampuni ilikodi nafasi tu kwa wenye magari.

Gari lililosifiwa kuliko yote lilitengenezwa na kampuni ya Abbot-Downing katika mji wa Concord, jimbo la New Hampshire. Lilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 1,100. Bodi yake haikukaa juu ya springi za chuma bali ilining'inia kwenye mikanda minene ya ngozi, hivyo badala ya kurukaruka kwenye mashimo lilipepesuka kama mashua, na wapo abiria waliotapika kwa kichefuchefu cha baharini katikati ya nchi kavu. Abiria 9 walibanana ndani, magoti kwa magoti, kwenye viti vya safu tatu. Wengine walikaa juu ya paa. Farasi walikuwa wanne au sita, wakibadilishwa kila baada ya kilomita 15 hadi 25 kwenye vituo vilivyopangwa njiani.

Dereva wa farasi sita alishika hatamu zote kwa vidole vyake, kila kidole na farasi wake, na alikuwa mtu wa kuheshimiwa katika kila mji aliopitia. Mmoja wao, Charley Parkhurst, aliendesha magari California kwa miaka mingi akiwa na jicho moja na ulimi mkali. Alipofariki Desemba 1879, majirani waliokuja kuuosha mwili waligundua kwamba alikuwa mwanamke.

Kampuni ya Overland Mail ya John Butterfield ilionyesha njia nyingine ya kuwaepuka wanyang'anyi. Kuanzia Septemba 1858 ilibeba barua za serikali na abiria kutoka Missouri hadi San Francisco, safari ya kilomita zipatazo 4,500 kwa siku 25. Butterfield alikataa kabisa kubeba dhahabu wala fedha. Gari lisilo na kitu halina wa kulivizia. Lakini wenye machimbo hawakuwa na anasa hiyo. Mali yao ilikuwa lazima isafiri, na ikisafiri, mtu mwenye bunduki alipanda pamoja nayo.

Cheo cha mtu huyo kwenye vitabu vya kampuni kilikuwa cha kawaida tu: tarishi. Alikabidhiwa mzigo, akasaini, akausindikiza na kuukabidhi upande wa pili. Tofauti na tarishi wa ofisini, huyu alikaa kando ya dereva akiwa na bunduki ya marisau yenye mitutu miwili iliyofupishwa. Silaha hiyo haikufaa kulenga mbali. Kazi yake ilikuwa kufyatua kwa karibu, kutoka juu ya kiti kinachoyumba, gizani, ambako risasi moja ya bastola ingeweza kupotea lakini konzi ya marisau isingekosa.

Si kila gari lilikuwa na tarishi. Aliwekwa pale tu mzigo ulipokuwa mkubwa, na hapo ndipo ulipokuwa udhaifu wa mpango wote: mlinzi akionekana juu, yeyote aliyesimama mlangoni mwa baa alijua kwamba leo sanduku lina kitu. Isitoshe, mnyang'anyi aliyekusudia kupambana alimlenga yeye kwanza, kabla ya kutoa amri yoyote.

Unyang'anyi wenyewe ulikuwa na kanuni zake. Mahali palikuwa mlima mkali, kwa sababu farasi wakipanda na mzigo hutembea, hawakimbii. Saa ilikuwa alfajiri au usiku. Mtu aliyefunika uso alitokea nyuma ya kichaka au jiwe, akaamuru sanduku litupwe chini, na mara nyingi dereva alilitupa bila ubishi. Mali haikuwa yake, kampuni ingelipa, na hatamu zilikuwa zimejaza mikono yote miwili. Dakika chache baadaye gari liliendelea na safari, abiria wakipapasa mifuko yao, na nyuma yao ukasikika mlio wa shoka likipasua mbao.

Hesabu zinaunga mkono picha hiyo tulivu kuliko ile ya sinema. James B. Hume, mkuu wa wapelelezi wa Wells, Fargo, pamoja na msaidizi wake John Thacker, walikusanya kumbukumbu za miaka 14, kuanzia Novemba 1870 hadi Novemba 1884. Walihesabu matukio 313 ya magari ya farasi kuporwa na majaribio 34 yaliyoshindwa. Katika yote hayo walinzi wa kampuni waliouawa walikuwa 2 na waliojeruhiwa 6. Madereva waliouawa 4. Watuhumiwa 240 walitiwa hatiani. Kilichoibwa kilikuwa na thamani ya dola 415,000 na ushee. Mishahara ya walinzi na maofisa maalumu peke yake ilimeza dola 326,000, na ukiongeza zawadi, mawakili na gharama za kesi, kulinda na kusaka kuliigharimu kampuni zaidi ya dola 500,000. Kwa maneno mengine, Wells, Fargo ilitumia fedha nyingi zaidi kuwafukuza wezi kuliko wezi walizoweza kuiba. Mhasibu angeguna, lakini biashara ya kubeba mali ya watu haiuzi kitu kingine isipokuwa uaminifu.

Mashambulizi ya mwanzo yalikuwa ya kikatili zaidi. Agosti 1856 genge la Tom Bell, ambaye jina lake halisi lilikuwa Thomas Hodges, lilivamia gari lililotoka Camptonville kwenda Marysville likiwa na dhahabu ya dola 100,000 hivi. Mlinzi, Bill Dobson, alijibu kwa risasi na baadhi ya abiria wakamsaidia. Wanyang'anyi walirudi nyuma mikono mitupu, lakini mwanamke mmoja aliyekuwa ndani ya gari alipigwa risasi akafa. Kifo hicho kiliwaudhi watu kuliko dhahabu yoyote. Makundi ya wasakaji yalichana vichaka kwa wiki kadhaa, na tarehe 4 Oktoba Bell alikamatwa. Waliomkamata hawakumpeleka mahakamani. Walimpa muda wa kuandika barua kwa mama yake, kisha wakamnyonga.

Kisheria, makundi hayo yalikuwa na asili ya zamani sana. Sheria za Uingereza ya kale zilimpa sherifu uwezo wa kuwaita wanaume wote wenye nguvu katika eneo lake wamsaidie kumkamata mhalifu. Kundi hilo liliitwa kwa Kilatini posse comitatus, yaani nguvu ya wilaya, na Wamarekani walilichukua jambo pamoja na jina lake. Sherifu wa Magharibi alikuwa na manaibu wachache na kaunti ambayo pengine ilikuwa kubwa kuliko nchi nzima za Ulaya. Habari ilipofika kwamba gari limeporwa, aliingia dukani, kwenye baa, kwenye zizi la farasi, akawaapisha waliokuwapo. Aliyekataa bila sababu alikuwa amevunja sheria.

Waliopanda farasi hawakuwa na sare, mafunzo wala, mara nyingi, chakula cha kutosha. Wengine walikwenda kwa hasira, wengine kwa ajili ya zawadi: kiwango cha kawaida cha Wells, Fargo kilikuwa dola 300 kwa kila mnyang'anyi atakayekamatwa na kutiwa hatiani, pamoja na robo ya mali itakayopatikana. Kama barua za posta ziliguswa, kosa likawa la serikali kuu pia, na marshali wa shirikisho alikuwa na haki ya kuunda msako wake kando ya ule wa sherifu. Mwaka 1878 Bunge la Marekani lilipiga marufuku jeshi kutumiwa kama wasakaji wa aina hii, na maofisa wa mipakani, waliozoea kuazima askari wapanda farasi, wakabaki na raia wao.

Mpaka kati ya msakaji na msakwaji haukuwa wazi kila mahali. Henry Plummer alichaguliwa sherifu katika machimbo ya Bannack, katika eneo ambalo leo ni Montana, mwaka 1863. Tarehe 10 Januari 1864 kamati ya raia waliojichukulia ulinzi mikononi mwao, aina ya sungusungu wasio na wa kuwasimamia, ilimnyonga kwenye mti wa kunyongea ambao inasemekana yeye mwenyewe alikuwa ameusimamisha. Walimshutumu kuwa ndiye kiongozi wa siri wa genge lililokuwa likiua wasafiri. Watu zaidi ya 20 walinyongwa na kamati hiyo ndani ya wiki chache, bila jaji wala baraza la mahakama, na wanahistoria hadi leo hawajakubaliana kama Plummer alikuwa na hatia.

Tukio moja la Arizona linaonyesha kwa ukaribu jinsi mlinzi, sherifu, marshali na mnyang'anyi walivyoweza kugongana katika mji mmoja. Usiku wa tarehe 15 Machi 1881, gari la kampuni ya Kinnear liliondoka Tombstone, mji wa machimbo ya fedha, kwenda kituo cha reli cha Benson. Inasemekana lilibeba madini ya fedha yenye thamani ya dola 26,000. Tarishi alikuwa Bob Paul, jitu refu lenye umri wa miaka 50 lililowahi kuwa sherifu California. Dereva alikuwa Eli Philpot. Inasimuliwa kwamba tumbo lilimsumbua Philpot njiani, wakabadilishana nafasi: Paul akashika hatamu, Philpot akakaa kwenye kiti cha mlinzi.

Karibu na kituo cha Drew, pale gari linapopanda kutoka kwenye bonde kavu, mtu alitokea barabarani akaamuru wasimame. Paul alijibu kwamba yeye hasimami kwa ajili ya mtu yeyote. Risasi zikalia kutoka pande zote. Aliyekuwa kwenye kiti cha mlinzi aliangushwa kwanza, na Philpot akadondoka mbele ya magurudumu. Abiria aliyekaa juu ya paa, Peter Roerig, naye alipigwa risasi akafa baadaye. Farasi walishtuka wakakimbia gizani, hatamu zikiburuzwa chini. Paul alifaulu kuzirudisha mikononi na kulifikisha gari Benson likiwa na mzigo wote. Wanyang'anyi hawakupata hata senti.

Alfajiri msako ulikuwa umefika mahali pa tukio: sherifu Johnny Behan wa kaunti mpya ya Cochise, naibu marshali Virgil Earp pamoja na ndugu zake Wyatt na Morgan, Bat Masterson, wakala wa Wells, Fargo na Bob Paul mwenyewe. Chini waliona maganda ya risasi na ndevu za bandia zilizosokotwa kwa nyuzi za kamba. Nyayo za farasi ziliwapeleka bonde la mto San Pedro hadi kwenye ranchi ya Len Redfield, na hapo walimtia mbaroni Luther King. King alikiri kuwa alishika farasi wakati wenzake wakifanya kazi, akawataja: Bill Leonard, Harry Head na Jim Crane.

Msako uliendelea zaidi ya wiki mbili. Farasi walichoka, maji yakawa shida, na watu watatu waliotajwa wakapotelea upande wa New Mexico. Huku nyuma mambo yaliharibika zaidi. Tarehe 28 Machi King alikuwa katika ofisi ya sherifu mjini Tombstone, akiandikiana hati ya kuuza farasi wake, chini ya ulinzi wa naibu wa Behan aliyekuwa pia mhariri wa gazeti la mji. Wakati wino ukikauka alitoka kwa mlango wa nyuma, ambako farasi alikuwa tayari anamngoja. Hakuonekana tena. Malipo ya siku za msako nayo yakazua ugomvi: akina Earp walilalamika kwamba wenzao wa upande wa sherifu walilipwa na kaunti huku wao wakiachwa, mpaka Wells, Fargo ilipowalipa.

Leonard na Head waliuawa New Mexico mwezi Juni, na Crane mwezi Agosti. Hakuna hata mmoja aliyekufa mikononi mwa wasakaji wa Tombstone. Kabla ya hapo, kwa ushahidi wa Wyatt Earp mahakamani, yeye alikuwa amejaribu kumshawishi mfugaji Ike Clanton, aliyewafahamu watatu hao, awasaliti, Clanton achukue zawadi ya dola 3,600 na Earp achukue sifa ya kuwakamata. Siri hiyo ilipovuja, hofu na chuki ziliongezeka kati yao, na tarehe 26 Oktoba 1881 zikaishia kwenye mapigano maarufu ya O.K. Corral.

Septemba mwaka huohuo gari la Bisbee liliporwa. Safari hii wasakaji walipata kitu kidogo chenye maana kubwa: alama ya kisigino cha kiatu kwenye vumbi. Fundi viatu wa Bisbee alithibitisha kwamba alikuwa ametoka tu kubadilisha visigino vya Frank Stilwell. Stilwell aliwahi kuwa naibu wa sherifu Behan. Mashtaka dhidi yake hayakufika mbali, lakini kisigino kile kilikuwa kimesema zaidi ya bunduki zote za mwaka huo.

Na ranchi ya Redfield ilirudi tena kwenye habari. Agosti 1883 wanyang'anyi walilivamia gari karibu na Riverside wakamuua tarishi Johnny Collins kwa risasi za ghafla, bila hata kumwamuru asimame. Nyayo zilielekea kwa Redfield. Aliwekwa jela mjini Florence pamoja na mtu mwingine, na mapema Septemba umati ulivamia jela ukawanyonga wote wawili. Mwezi uliofuata wasakaji wakiongozwa na Bob Paul, sasa sherifu wa kaunti ya Pima, walimfikia kiongozi wa genge, Jack Almer, wakamuua.

Mashariki zaidi, katika Eneo la Wahindi ambalo leo ni jimbo la Oklahoma, msako ulikuwa kazi ya kudumu. Wahalifu wa majimbo ya jirani walikimbilia huko kwa sababu mahakama za makabila hazikuwa na mamlaka juu yao. Kuanzia 1875 jaji Isaac Parker wa Fort Smith, Arkansas, aliwatuma manaibu wa marshali kuwafuata. Aliyejulikana kuliko wengi alikuwa Bass Reeves, Mwafrika-Mmarekani aliyezaliwa mtumwa mwaka 1838. Hakujua kusoma, alisomewa hati za kukamata, akazihifadhi kichwani, na alipowakuta watu wake alijua hati ipi ni ya nani. Alisafiri na gari la mizigo, mpishi na msaidizi mmoja au wawili, akirudi baada ya majuma na wafungwa kwa makundi. Hakuwa na mshahara. Naibu alilipwa senti 6 kwa maili na dola 2 kwa kila aliyemkamata, na mhalifu akifa njiani gharama ya mazishi ingeweza kumwangukia yeye. Kwa hesabu yake mwenyewe alikamata watu zaidi ya 3,000 katika miaka 32.

Kampuni nazo zilijaribu kumaliza tatizo kwa chuma. Kwenye njia ya Cheyenne hadi Deadwood, iliyobeba dhahabu ya milima ya Black Hills, lilitengenezwa gari lililofunikwa ndani kwa mabamba ya chuma, likapewa walinzi kadhaa chini ya Scott Davis. Tarehe 26 Septemba 1878 wanyang'anyi hawakujisumbua kulivamia barabarani. Waliteka kituo cha Canyon Springs, wakamfunga kamba mtunza farasi, wakajificha ndani ya zizi wakingoja gari lije kubadilisha farasi. Mtu mmoja aliuawa, walinzi wakazidiwa, na dhahabu ya dola 27,000 hivi ikachukuliwa. Msako ulisambaa hadi majimbo ya mbali, na sehemu kubwa ya dhahabu ilirudishwa. Tofali moja la dhahabu hiyo liligunduliwa Iowa, likiwa limewekwa dirishani ili watu walitazame.

Lakini mnyang'anyi aliyeisumbua Wells, Fargo kuliko wote hakuwa na genge, hakuwa na farasi, na hakuwahi kufyatua risasi. Tarehe 26 Julai 1875, kwenye mlima wa Funk Hill katika kaunti ya Calaveras, dereva John Shine alisimamishwa na mtu aliyevaa koti refu la kitani na gunia la unga kichwani lenye matundu mawili ya macho. Vichakani ilionekana mitutu mingine ikilenga gari. Shine alitupa sanduku. Aliporudi baadaye aliikuta mitutu palepale: vilikuwa vijiti.

Kwa miaka minane mtu huyo alipora magari 28 kaskazini mwa California na Oregon. Alimsemesha dereva kwa upole, hakuwagusa abiria, na mara mbili aliacha mashairi ya dhihaka akiyatia sahihi ya Black Bart, jina alilolitoa kwenye hadithi ya magazetini. Aliondoka kwa miguu kupitia milima kwa mwendo ambao wasakaji waliokuwa wakitafuta nyayo za farasi hawakuufikiria. Zawadi juu yake ilifika dola 800: 300 kutoka jimbo, 300 kutoka kampuni, 200 kutoka posta. Mwaka 1882 tarishi George Hackett alimkaribia kuliko yeyote. Risasi yake ilimpiga kichwani, lakini alitoroka na jeraha dogo.

Siku za mwizi ni arobaini, na yake ya arobaini iliangukia mahali alipoanzia. Tarehe 3 Novemba 1883 alisimamisha gari la Reason McConnell palepale Funk Hill. Sanduku safari hii lilikuwa limefungwa kwa bolti sakafuni, ndani ya gari. Alimwamuru McConnell awafungue farasi na kuwapeleka ng'ambo ya mlima, kisha akaanza kupasua. Hakujua kwamba kijana wa miaka 19, Jimmy Rolleri, alikuwa ameshuka chini ya mlima na bunduki yake, akitafuta windo. McConnell alimpata, wakarudi pamoja, na Bart alipotoka na mfuko Rolleri alimpiga risasi mkononi. Alikimbia na dhahabu iliyochanganywa na zebaki yenye thamani ya zaidi ya dola 4,000, lakini maficho yake nyuma ya jiwe aliyaacha kama yalivyo: kofia, mifuko ya sukari na biskuti, ala ya darubini, na leso iliyotiwa marisau.

Pembeni mwa leso palikuwa na alama ndogo ya dobi: F.X.O.7.

Hume alimkabidhi leso Harry Morse, sherifu wa zamani wa kaunti ya Alameda. Wakati huo San Francisco ilikuwa na madobi wapatao 90. Morse aliwapitia mmoja mmoja, akiuliza alama ile ile, hadi duka moja la tumbaku lililopokea nguo kwa niaba ya dobi lilipoitambua. Mwenye leso alikuwa C. E. Bolton, bwana mzuri, alisema mwenye duka, mwenye hisa machimboni. Walipokuwa wakizungumza, Bolton mwenyewe akapita barabarani: kofia nzuri, fimbo mkononi, pini ya almasi kifuani, na kidonda mkononi. Morse alijitambulisha kama mtu anayetaka ushauri kuhusu machimbo, akamkaribisha ofisini kwa Hume.

Jina lake halisi lilikuwa Charles Boles, mzaliwa wa Uingereza, askari wa zamani wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Alikanusha kwa siku kadhaa, kisha akakiri tukio la mwisho tu na kuwaonyesha alikoficha dhahabu. Alihukumiwa miaka 6 katika gereza la San Quentin, akatoka Januari 1888, na baada ya wiki chache akapotea. Rolleri alizawadiwa bunduki.

Reli, iliyounganisha pande mbili za nchi tangu 1869, ilikuwa tayari imeyasukuma magari ya farasi kwenye vijia vya milimani. Tarehe 30 Mei 1899 mwanamke aitwaye Pearl Hart na mwenzake walipora gari la Globe huko Arizona, wakapata dola 400 na ushee, wakapotea njia na kukamatwa na sherifu wakiwa usingizini siku chache baadaye. Baraza la mahakama lilimwachia. Jaji aliyekasirika akamfikisha tena kizimbani kwa kosa jingine, na akafungwa.

Tukio la mwisho linalojulikana la gari la farasi kuporwa lilitokea Jarbidge, jimbo la Nevada, tarehe 5 Desemba 1916. Fred Searcy, dereva wa gari la barua la farasi wawili, alipigwa risasi kisogoni wakati theluji ikianguka, karibu kabisa na mji. Hakuwa na mlinzi. Wasakaji walioingia kwenye theluji asubuhi walifuata nyayo na kupata mfuko wa barua uliochanwa, na ndani yake bahasha yenye damu iliyoacha alama ya kiganja. Kiganja kilikuwa cha Ben Kuhl. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa alama ya kiganja kumtia mtu hatiani katika mahakama ya Marekani. Kuhl alihukumiwa kifo, adhabu ikapunguzwa kuwa kifungo cha maisha, akaachiliwa mwaka 1945. Fedha zilizokuwa ndani ya mfuko hazikupatikana.